Kuifundisha mashine ya ujumbe wa sauti iseme Kiswahili, Mkoani

Ofisi ya wakala wa mizigo hapa Mkoani hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini simu ya mezani haina kufungwa. Wenye mizigo walioko Unguja na Dar es Salaam hupiga usiku kuulizia, na asubuhi hakuna anayejua nani alipiga wala alitaka nini. Nimewawekea mashine ya kupokea ujumbe wa sauti: Asterisk, programu huria ya switchibodi ya simu, ndani ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani. Kuisimamisha ni kazi ya siku mbili. Kuifanya iseme Kiswahili ambacho mtu wa Pemba hatakikatia simu kulinichukua wiki tatu, na maelezo mengi hapa chini ni ya hizo wiki tatu.

Asili ya tatizo ni kongwe. Ujumbe wa sauti kama biashara ulianzia Texas, kwa Gordon Matthews na kampuni yake ya VMX. Hataza iliombwa mwaka 1979, ikatolewa 1983. Mwaka huohuo 1983 ikaanzishwa Dialogic, iliyouza kadi za sauti za kuchomeka kwenye kompyuta ya kawaida, na hapo kampuni ndogo za programu za simu zikapata pa kuanzia. Asterisk ilikuja mwaka 1999, pale Mark Spencer wa Huntsville, Alabama, alipohitaji switchibodi kwa kampuni yake changa, Linux Support Services, na za madukani zikawa ghali mno. Akaandika ya kwake na kuiachia wazi. Kampuni ile ndiyo baadaye iliyoitwa Digium, na mwaka 2018 ikanunuliwa na Sangoma ya Kanada. Matamko ya Kiingereza yalisomwa na Allison Smith, na hayakuhifadhiwa kama sentensi. Ni vipande: kipande cha "unao", kisha namba, kisha "mpya", kisha "ujumbe". Programu inaviunganisha kwa mpangilio wa Kiingereza, namba mbele na jina la kitu mwisho. Kiswahili kinakwenda kinyumenyume chake.

Kwanza laini. Nilitumia kifaa cha Grandstream HT813, ambacho kina tundu moja la FXO la kupokea waya wa simu kutoka nje, na moja la FXS la simu ya mezani. Kwenye FXO weka simu zote zipelekwe moja kwa moja kwenye Asterisk. Asterisk yenyewe niliijenga kutoka chanzo, kwa sababu Debian 12, mfumo ninaotumia kwenye Pi, haina kifurushi chake: endesha contrib/scripts/install_prereq install, halafu ./configure, make, make install, make samples, make config. Hapo hakuna la kusumbua.

Kinachosumbua ni kukata simu. Mpigaji akiweka mkono wa simu chini, HT813 haijui kwamba amekata mpaka itambue mlio wa "laini imekatika". Ilivyotoka kiwandani inasubiri mlio wa Kimarekani: f1=480@-32,f2=620@-32,c=500/500, yaani masafa mawili kwa pamoja, nusu sekunde kulia na nusu sekunde kimya. Laini yako ikiwa na mlio mwingine, kila ujumbe utakuwa na sekunde sita za mtu na dakika nzima ya tuu-tuu, kwa kuwa mlio si kimya na mashine haioni sababu ya kusimama. Usikisie masafa. Chukua ujumbe mmoja ulioharibika hivyo, ufungue kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sehemu ya mlio tupu, angalia kilele kwenye mchoro wa masafa, kisha pima urefu wa mlio na wa kimya. Andika ulichopima, na uwashe utambuzi wa kukatika kwa mlio.

Sasa lugha. Faili za Kiingereza zimo /var/lib/asterisk/sounds/en. Fungua folda mpya iitwayo sw pembeni yake, yenye folda ndogo digits ndani, na kwenye mpango wa simu weka Set(CHANNEL(language)=sw) kabla ya kitu kingine chochote. Jambo la kukumbuka: faili isiyopatikana kwenye sw, Asterisk haitoi kosa, inachukua ya Kiingereza. Kwa hiyo faili moja ikisahauliwa, Allison Smith anaingia katikati ya sentensi ya Kiswahili. Herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili nazo zinahesabiwa: ni vm-INBOX na vm-Old, si vm-inbox na vm-old.

Mashine ikisoma idadi ya ujumbe, inapiga faili ya vm-youhave, namba, vm-INBOX, halafu vm-message au vm-messages. Ukitafsiri kipande kwa kipande unapata "unao tatu mpya ujumbe". Hata ukipanga upya, upatanisho unakusubiri: ni ujumbe mmoja, lakini faili ya digits/1 inasema "moja", na faili hiyohiyo ndiyo inayosoma namba za simu, huwezi kuigeuza. Na kwa mbili, huyu anasema ujumbe mbili, yule anasema jumbe mbili. Nilichofanya ni kuikwepa ngeli kabisa. Faili ya vm-youhave inasema "Idadi ya ujumbe ulioachwa ni", namba inafuata ikiwa namba tupu, vm-INBOX ni "mpya", na vm-message pamoja na vm-messages ni kimya cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kimya hicho kitengeneze kwa programu ya sox, kwa amri hii: sox -n -r 8000 -c 1 -b 16 vm-message.wav trim 0 0.1, kwa sababu ukikiacha bila faili Kiingereza kinarudi. Inatoka "Idadi ya ujumbe ulioachwa ni tatu, mpya." Kisipokuwepo kitu, vm-no inasema "sifuri". Na vm-first, ambayo hufuatwa na vm-message, imebeba maneno yote: "Ujumbe wa kwanza".

Namba hadi ishirini kila moja ina faili yake, basi "kumi na tano" inasomwa nzima. Kuanzia ishirini na moja mashine inaunganisha makumi na mamoja bila "na". Niliweka maxmsg=20, yaani ujumbe usiozidi ishirini, kwenye voicemail.conf, faili ya mipangilio ya ujumbe wa sauti, na ofisi yenye ujumbe zaidi ya ishirini usiku mmoja ina haja ya mtu, si mashine.

Saa ndiyo iliyonipa furaha. Mashine inasema saa ya Kizungu, na hapa ukimwambia mtu "saa saba usiku" kwa maana ya saa moja jioni ya Kiswahili, atakuja kukulaumu. Kurekodi digits/7 kuwa "moja" haiwezekani, kwa sababu ileile ya namba za simu. Lakini Asterisk inaruhusu kila kisanduku cha ujumbe kiwe na eneo lake la saa. Sisi tupo saa tatu mbele ya Greenwich, na saa ya Kiswahili ipo nyuma ya hiyo kwa saa sita, basi kisanduku kikiamini kipo saa tatu nyuma ya Greenwich, kitasoma Kiswahili chenyewe. Kwenye sehemu ya zonemessages ya voicemail.conf niliandika:

visiwa=Etc/GMT+3|'vm-received' A 'digits/saa' I p

na kwenye kisanduku nikaongeza tz=visiwa. A husoma siku ya wiki, I husoma saa, na digits/saa ni faili niliyorekodi yenye neno "saa". Alama ya kujumlisha hapo si kosa. Maeneo ya Etc huandikwa kinyume, na GMT+3 maana yake ni nyuma kwa saa tatu. Hata saa kumi na mbili asubuhi inatoka sawasawa. Sehemu ya p husoma digits/a-m au digits/p-m, na kwa kuwa saa imesogezwa, a-m ni kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, na p-m ni usiku wote. Nilirekodi "wakati wa mchana" na "wakati wa usiku", kwa sababu "saa mbili mchana" kwa saa mbili ya asubuhi halisemwi, ila "saa mbili, wakati wa mchana" linaeleweka. Dakika niliziacha. Aliyepiga saa nne kasorobo atatajwa saa tatu, na kwa daftari la kurudishia simu inatosha.

Siku nayo hubadilika alfajiri saa kumi na mbili. Aliyepiga saa nane ya usiku wa kuamkia Jumanne anatajwa Jumatatu. Wazee hapa huihesabu siku tangu magharibi, kwao huo ni usiku wa Jumanne tayari, na ofisi imebidi ielezwe hili mara moja.

Kurekodi: 8000 Hz, chaneli moja, biti 16. Usirekodi chini ya bati wakati wa masika. Msomaji asome namba katikati ya nyingine, "tano, tatu, tano", nawe ukate ile ya kati, la sivyo kila namba itashuka sauti kama mwisho wa sentensi. Sita na tisa zisomwe polepole. Laini ya simu hukata masafa yote juu ya 3400 Hz, na "s" huishi huko juu. "Kenda" badala ya tisa ingetofautika vizuri zaidi, ila vijana wengi wa ofisini hawaitumii.

La mwisho ni salamu. Mpigaji wa hapa husema "Asalaam alaykum" kisha husubiri kuitikiwa. maxsilence, muda wa kimya unaositisha rekodi, ikiwa sekunde 2, ujumbe unakwisha hapohapo. Niliweka maxsilence=5 na minsecs=6 (urefu mdogo kabisa wa ujumbe unaohifadhiwa), kwa kuwa ya kwanza isipokuwa ndogo kuliko ya pili unakusanya ujumbe mtupu. Na salamu iliyorekodiwa huanza na "Waalaykum salaam", jibu linalomtangulia mpigaji, halafu jina la ofisi, halafu: "Taja jina lako, bandari uliyopakilia mzigo na namba ya risiti." Kabla yake weka Wait(1) baada ya Answer(), maana bila hiyo silabi za mwanzo humezwa na laini, na mpigaji husikia "kum salaam".