Majibu ya kinyama yanatoka kwangu: siku moja ya daktari wa patholojia

Nikitaja kazi yangu mtaani, jibu huwa moja: "Ahaa, wewe ni daktari wa mochwari." Kuchunguza miili ya marehemu ni sehemu ya kazi yangu, na huifanya kwa heshima zote. Lakini karibu kila kinachofika mezani kwangu kimetoka kwa mtu aliye hai, yuko wodini au kwake, roho juu, anasubiri majibu ya kinyama, yaani kipande cha mwili wake kilichokatwa ili nitambue ugonjwa. Huyo ndiye mgonjwa wangu, hata kama hatutaonana maisha. Nilisoma udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu mitatu ya ubingwa, ili niweze kumjibu. Niko hospitali ya kanda, Tanzania, na hii ni Jumanne yangu.

Saa 1:30 asubuhi. Mtaalamu wa maabara amenitangulia. Vinyama vya jana vimelala kwenye mashine usiku kucha, vikipita kwenye alkoholi, zailini (kimiminika cha kuondoa alkoholi) na nta ya moto. Anavigandisha ndani ya vibonge vya nta, anavikata vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4, yaani sehemu tatu au nne za milimita iliyogawanywa mara elfu moja, anaviweka vielee kwenye maji ya vuguvugu na kuviopoa kwa slaidi. Kipande kikijikunja, mimi sisomi kitu. Jina lake haliandikwi kwenye ripoti, ila kila ripoti yangu imesimama juu ya mikono yake.

Saa 2 hadi saa 4: hadubini. Shingo ya kizazi, umio, tezi dume, tena shingo ya kizazi.

Saa 4:20. Naitwa dirishani. Kijana ameshuka basi la usiku, kashika mfuko. Ndani yake kuna chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa mdomo na kufungwa kwa plasta, na ndani ya chupa umeshindiliwa uvimbe mkubwa wa titi la mama yake.

"Shikamoo Dokta. Wamesema nisubiri, nirudi na majibu leo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa kwanza."

Fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, inatakiwa iwe karibu mara kumi ya ujazo wa kinyama. Hii imelowesha tu. Tena hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo nje kumehifadhika vizuri na katikati kunaanza kuoza. Nafungua fomu: "Uvimbe, titi." Basi. Hakuna umri, hakuna upande, hakuna tarehe ya upasuaji, wala saa kilipowekwa kwenye dawa.

Napiga simu hospitali iliyomtuma. Naambiwa nipige wodini. Wodini wananielekeza chumba cha upasuaji. Chumba cha upasuaji wanasema daktari yuko kliniki. Kliniki simu inaita mpaka inakatika. Narudia. Vinyama vya watu wengine vimepanga foleni mezani.

Namuuliza kijana: titi la upande gani? "La kulia, Dokta." Anasita, anampigia mama yake, anaweka sauti ya nje. "La kushoto, mwanangu. Sasa hivi nimelalia la kulia." Daktari anapopatikana, ni karibu saa sita, anathibitisha: kushoto, miaka hamsini na mbili, upasuaji ulifanyika Ijumaa.

Nilikasirika, na sikumkasirikia kijana. Mama amevumilia kisu. Mistari minne ya fomu ndiyo imeshindikana?

Nikamweleza kijana kwa nini si leo. Leo nitaupasua ili fomalini safi ifike ndani, ulale humo. Kesho usiku mashine. Keshokutwa slaidi. Ikiwa ni saratani, vinafuata vipimo vya protini za seli, yaani vipokezi vya homoni na HER2, ambavyo ndivyo humwonyesha daktari kama tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, itamfaa mama au anahitaji dawa nyingine. Kinyama kilichotunzwa vibaya kinaweza kudanganya hapo hapo, kikasema vipokezi vya homoni hakuna kumbe vipo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nauli ya kurudi tena naitoa wapi, Dokta?" Nikamwambia asirudi. Ripoti nitamtumia daktari wake moja kwa moja.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia. Meza ya kukatia ina feni, lakini fomalini inawasha macho vilevile. Pima, paka wino kingoni ili baadaye nijue kama mpasuaji aliuondoa uvimbe wote, papasa kwenye mafuta ya kwapa kutafuta tezi, kata, andika, kinachofuata. Chai niliinywa imepoa. Mgongo uliuma, na sikutaka kukaa, kwa sababu nikikaa sinyanyuki.

Jioni zikatoka slaidi za kingamwili, yaani zilizopakwa kingamwili zinazoshika protini maalumu za seli, za mtoto wa miaka sita mwenye uvimbe wa taya. Slaidi yake ya kwanza jana ilinishtua: seli za buluu zilizobanana, katikati yake madoa meupe, yaani seli zinazomeza zilizokufa. Picha hiyo wanapatholojia wote huiita anga la nyota. Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, ugonjwa ambao Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958 kwa watoto wa ukanda wetu huu huu wa malaria. Leo protini ya CD20 imeshika, ya BCL2 haikushika, kama ilivyo kwa Burkitt, na ya Ki-67 inaonyesha karibu kila seli inagawanyika. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana hausubiri karatasi, na ndiyo maana pia, ukiwahiwa, dawa huupiga vizuri sana.

Nikampigia daktari wa watoto. "Maji tulianza kumwekea jana ile ile uliponipigia, kulinda figo," akasema. "Nilikuwa nasubiri neno lako tu. Dawa tunaanza kesho asubuhi." Nikasaini ripoti, nikampelekea wodini mwenyewe.