Kutoka Hindi hadi Kizingitini: safari katika njia ya kesi ya makaa ya mawe

Basi la Lamu huishia Mokowe, upande wa bara, baada ya kupita Malindi, Garsen na Witu. Kutoka Mombasa ni kilomita zipatazo 340, na ukishavuka Garsen vizuizi vya ukaguzi ni vingi, kwa hiyo kitambulisho kikae mfukoni, kisifungiwe kwenye begi lililo chini ya basi. Abiria wengi huenda moja kwa moja hadi gatini. Mimi niliteremka kabla, Hindi, kwa kuwa nilitaka kuanzia Kwasasi, na Kwasasi huendewa kwa pikipiki.

Njia ni ya mchanga, mashamba kushoto na kulia, kisha ardhi inateremka kuelekea Ghuba ya Manda na mikoko inaanza. Hapa ndipo kampuni ya Amu Power ilipokusudia kujenga kituo cha umeme cha megawati 1,050 cha kuchoma makaa ya mawe, kwenye ekari zipatazo 975, na dohani ya mita 210. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka nje, mpaka yale ya Kitui yatakapoanza kuchimbwa.

Ukifika ukingoni unaelewa kwa nini mvuvi huulizia maji kabla ya kuulizia moshi. Mtambo wa namna hii hupozwa kwa maji ya bahari: yanavutwa ndani, yanapitishwa kwenye mabomba, yanarudishwa yakiwa na joto zaidi. Yanapovutwa, mayai ya samaki na vidagaa vichanga hunyonywa pamoja nayo. Yanaporudi, joto hupanda kwenye maji ya kina kifupi, na matumbawe huanza kupauka joto likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, likidumu wiki kadhaa. Halafu kuna majivu, yenye zebaki na aseniki ndani yake. Yakilundikwa karibu na ufuo, mvua za masika huyasomba mpaka mikokoni, na mikoko ndiyo malezi ya kamba na kaa. Kaunti ya Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Kutoka Mokowe boti hukufikisha Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, kwa muda wa nusu saa hivi. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ndiko yaliko makao ya Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji: wavuvi, akina mama, vijana, watu wa mazingira. Watu wengi wakisikia utetezi wa mazingira hufikiria maandamano na mabango. Maandamano yalikuwapo, na yalisaidia. Lakini kilichoangusha leseni ya mradi huo wa makaa ni makaratasi, na hilo nataka kulieleza vizuri, kwa sababu kijiji chochote cha pwani kinaweza kulifanya.

Leseni ya mazingira ilitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, Septemba 2016. Sheria ya Kenya humpa mlalamikaji siku 60 kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Save Lamu na wenzao watano waliwasilisha rufaa Novemba mwaka uohuo. Siku 60 ni chache mno kuliko zinavyosikika. Kuna kupata nakala ya leseni na masharti yake, kupata ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, kuisoma, kumpata mwanasayansi wa kuipima, wakili wa kuandika hoja, na viapo vya mashahidi. Kikundi kinachongoja leseni itoke ndipo kianze kukusanya ushahidi huwa kimechelewa tayari.

Ushahidi wenyewe ni upi? Kanuni za tathmini za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Kwa hiyo kila kikundi kinahitaji daftari moja gumu la kunakili mambo hayo: mkutano ulifanyika tarehe ngapi, wapi, nani aliuitisha, lugha gani ilitumika, karatasi gani ziligawiwa, swali gani liliulizwa na nani, na alijibiwa nini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Piga picha ya tangazo lililobandikwa, na picha ya ubao mtupu pale ambapo halikubandikwa.

Jihadharini na karatasi ya mahudhurio. Mtu hutia saini apate nauli na soda, na baadaye orodha ileile inaweza kuletwa kama dalili kwamba wananchi wameridhia. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya jina la kwanza, iandikwe juu ya kila ukurasa kwamba hii ni orodha ya waliohudhuria na si idhini, kisha ukurasa upigwe picha kabla haujaondoka chumbani.

Jopo lilitoa hukumu tarehe 26 Juni 2019 na kuifuta leseni. Lilisema ushirikishwaji wa umma haukuwa wa kweli: mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi, wakati tathmini yenyewe haijakamilika, na ripoti ilipotoka wananchi hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya athari ambazo hajaambiwa. Hoja nyingine ilikuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, ambayo haikuzingatiwa. Novemba mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba haitaugharimia mradi huo.

Kwenda Pate hutegemea maji. Boti hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakipwa hapapitiki; nahodha ndiye anayekupa saa, na saa hiyo hubadilika kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hutoka mbali zaidi, na ukichelewa utakaa juu ya tope mpaka yajae. Njiani inaonekana bandari mpya ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Uchimbaji wa mlango wa bandari ulitifua tope juu ya matumbawe na majani ya bahari, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kizingitini, upande wa mwisho wa kisiwa cha Pate, ni mji wa kamba mawe. Hapa somo la daftari linarudi kwa sura nyingine. Fidia huhesabiwa kwa kilichopotea, na kilichopotea hakithibitiki bila rekodi ya kilichokuwapo. Rekodi inayofaa huandikwa kila siku kwenye banda la samaki: tarehe, chombo, wavuvi wangapi, walivua mwamba gani, kwa mtego gani, saa ngapi majini, kilo ngapi za kila aina, bei ya kilo. Kosa linalojirudia ni kuandika siku za neema tu. Siku mvuvi aliyorudi mikono mitupu, au aliyoshindwa kutoka kwa sababu maji yalikuwa tope, huachwa bila mstari, na mwisho wa mwaka hesabu inaonyesha mapato mazuri. Siku hizo ziandikwe sifuri, na sababu yake kando.