Shamba la Nabothi na Msitu wa Mau

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye 1 Wafalme 21. Nilitaka kufika haraka pale Elia anapomkabili Ahabu, lakini Roho amenishikilia kwenye nyaraka za Yezebeli, mke wa Mfalme Ahabu. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kulitoa, ndipo Yezebeli akaandika nyaraka hizo ili asingiziwe na kuuawa. Aliwaagiza wazee wa mji wapige mbiu ya kufunga. Hebu lisomeni tena neno hilo! Nabothi alinyang'anywa urithi wa baba zake katikati ya mfungo, na wazee ndio waliolitekeleza agizo.

Moyo wangu ukaenda kwa ndugu zetu Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau nchini Kenya. Tumezoea kuwaona kama watu wa kupelekewa unga na mitumba wakati wa Krismasi. Lakini msitu uliwalisha baba zao. Mizinga ilikuwa juu ya miti, na asali ilikuwa chakula, dawa na mahari. Umaskini wao umeletwa na kufukuzwa. Sehemu za msitu huohuo waligawiwa wengine, kisha mwaka 2009 wao wakapewa siku 30 watoke, eti ili msitu uhifadhiwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliikataa hoja hiyo mwaka 2017. Juni 2022 ikaagiza warudishiwe ardhi yao kwa hati, na walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000. Novemba 2023, upande wa Narok, nyumba zao zilibomolewa tena.

Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye maombi. Nalisema hili kwa upendo, lakini nalisema: mfungo usiouliza habari za Nabothi ni kama ule wa Yezreeli, mji wa Nabothi. Isaya 58 tunaihubiri kila Januari, tunaishia kwenye baraka, tunaruka pale panaposema kufungua vifungo vya uovu. Mzee wa kanisa anayejua kwamba shamba lake lina mgogoro na mjane wa Kiogiek asinyanyue mikono madhabahuni kabla hajakwenda kuzungumza naye.

Ahabu alijinyenyekeza baadaye, na Mungu akamwona. Hilo tutalisoma wiki ijayo.

Mchango wa nguo uendelee, baridi ya Mau ni kali. Ila safari hii, watakaozipeleka wabaki hadi jioni wawasikilize wazee wa Waogiek, na Jumapili watusomee kanisani lile agizo la 2022. Kisha tuandike barua kwa viongozi wetu, tutie sahihi majina yetu.