Mradi wangu wa shuti ya harusi ya vuli: majani ndio yamepanga rangi

Septemba, wiki ya pili

Haya nimeanza. Kwa wasionijua, mimi nabeba boksi siku za kazi kama wenzangu, wikiendi napamba harusi za Wabongo huku Massachusetts, na kila mwaka kamati zinaniletea jambo lilelile, ukumbi, satini, maua ya plastiki, taa za zambarau, basi. Mwaka huu nikasema nifanye ya kwangu, harusi ya kuigiza, hakuna kamati wala mama wa bwana harusi, mamodo wawili tu, mpiga picha mmoja, meza ya watu wawili, na rangi zote zitoke kwenye majani ya vuli. Sio vuli ile ya mvua za nyumbani jamani, hii ya huku majani yanageuka rangi halafu yanapukutika.

Rangi nimeshazipanga kwenye simu: damu ya mzee, haradali, kutu, na ugoro kidogo. Satini ya damu ya mzee nimenunua kabisa, yadi 4.

Septemba mwishoni

Nimetoka kukagua New Hampshire, barabara ya Kancamagus, kutoka Lowell, Massachusetts, karibu masaa mawili. Ni maili 34 na ushee ndani ya msitu, hakuna sheli hata moja njiani na simu inakata network, kwa hiyo ukija jaza mafuta Lincoln au Conway na ramani uipakue kabla. Mamodo wangu hawakuja, nilikuwa na vipande vya vitambaa tu kwenye mfuko wa Rambo, naviweka juu ya majani navitazama, watu wakipita wananiangalia.

Na hapo ndio mipango yangu ilipokufa. Ile satini chini ya kivuli cha miti ni nyeusi, yaani kama tuko msibani. Haradali nayo nikaisogeza kwenye ile miti ya magome meupe yanayobanduka kama karatasi, ambayo majani yake yanakuwa ya manjano tupu, kitambaa kikapotea kabisa, sasa bibi harusi akivaa hivyo si atakuwa kichwa kinachoelea? Kumbe kufananisha sana na majani ndio kosa lenyewe, na mimi mwezi mzima nilikuwa nafananisha.

Nikaokota jani moja la mepo, ule mti wanaouita maple, nikakaa nalo kwenye jiwe. Kwenye mishipa bado lina ukijani, pembeni ya mishipa manjano, halafu chungwa, nchani nyekundu ya pilipili iliyoiva. Nikaligeuza. Mgongo wake umepauka, rangi fulani kati ya krimu na waridi, kama kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka ikalainika. Nikasema hii ndio ya kitambaa cha meza, na ndio ya shela, upande wa mbele tuuachie msitu.

Halafu kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa hela: manjano iko ndani ya jani tangu kiangazi, imefunikwa na kijani tu, kijani kikiisha inaonekana. Ila nyekundu inatengenezwa wakati huohuo wa vuli, inataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha, kwa hiyo mwaka mwingine inawaka mwaka mwingine inafifia. Na mimi nimenunua nyekundu yangu kabla sijaona lolote, safi sana.

Oktoba, siku za mwanzo

Mazoezi nyumbani. Matawi ya mepo yamejikunja kama chipsi ndani ya masaa manne, hita ilikuwa imewashwa. Nikajaribu kuyanywesha gliserini na maji yabaki laini, hola, jani likishageuka rangi halinywi tena, ilitakiwa nikate mapema. Kilichofanya kazi ni cha kienyeji: majani katikati ya magazeti, juu gunia la mchele la ratili 20, siku tatu. Mengine nikapiga pasi juu ya karatasi ya nta.

Maua nimepata dalia za rangi ya chungwa, za mwisho mwisho, jalidi ya kwanza ikipiga hakuna tena. Maboga nimenunua tisa. Nikampigia mama video nimuonyeshe meza, akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, maboga yote hayo mmeyaweka chini, hayapikwi?" Nikamwambia mama ni mapambo. "Haya, na wageni watakula nini?"

Alhamisi, siku yenyewe

Tulichagua Alhamisi makusudi, maana wikiendi ya ile sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba huko njiani ni foleni ya Ubungo. Usiku wake mvua na upepo. Tumefika kwenye shamba la matufaha tulilopewa ruhusa, nusu ya majani yako chini, nikataka kulia kabisa. Mpiga picha akasema, dada si yako chini lakini yapo? Akapanda ngazi ya kuchumia matufaha akapiga kutokea juu, meza ya krimu katikati ya zulia la majani yaliyolowa, na yakilowa rangi inakolea. Hizo ndio picha bora za siku nzima na sikuzipanga.

Nikamwambia pia azime oto ya rangi kwenye kamera, maana inaona manjano nyingi inadhani ni kosa inaipoza, na ngozi zetu zinatoka kijivu. Akaweka ya mkono, wakawaka.

Kabla ya hapo tulipita daraja la mbao lenye paa pale Albany ya hukohuko New Hampshire, la mwaka 1858. Zuri, lakini ndani giza na watalii hawaishi, tukapata picha mbili. Jua machweo ni saa kumi na mbili na kidogo, ila mlima unalimeza mapema, saa kumi na moja tumeshakunja. Bibi harusi alivaa taitsi mbili chini ya shela, na pindo limerudi na tope, nimelitoa kwa sabuni ya mche na mswaki.

Jumapili

Picha 412, nimechuja 38. Wiki mbili zijazo narudi peke yangu, mialoni inachelewa, ndio itakuwa inaingia ule ugoro wake, na safari hii nakata matawi mapema niyawahi na gliserini. Satini bado iko kwenye mfuko, yadi 4, haijashonwa. Mwenye harusi ya ukumbini aseme.