Usiku Umeme Ulipokatika Lincolnshire

Ilikuwa Novemba. Upepo uliangusha nguzo mahali fulani, na nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanya kazi ikaingia giza totoro. Wenzangu Waingereza wakaanza kukimbizana koridoni. Mimi niliyekulia chini ya Mlima Meru, kwa umeme wetu ule, sikuona jipya. Nikawasha tochi ya simu, nikaingia chumbani kwa mzee wetu wa Kipolandi.

"Zima!" akafoka. "Unaniharibia macho."

Nikazima. Akaniambia nikae. Macho yakishaona mwanga, alisema, huchukua karibu nusu saa kulizoea giza tena, na vita yake yote ilikuwa ya macho.

Tulikuwa tumezoeana tangu aliposikia natoka Arusha. Marehemu mkewe alikulia Tengeru, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi karibu na Ziwa Duluti: familia yao ilihamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 hadi Siberia, ikatokea Iran, ikaja kutua Tanganyika. Habari za mkewe nilizisikia kila zamu. Za vita, hata neno moja, mpaka usiku ule.

Alikuwa mpiga rashasha wa mkiani katika Skwadroni ya 300, kikosi pekee cha Wapolandi kilichorusha Lancaster, ndege kubwa za mabomu za Waingereza. Mwaka 1944 walikuwa wakiruka kutoka Faldingworth, si mbali na pale tulipokaa. Ndani ya ndege walikuwa watu 7. Wenzake wote walikuwa mbele yake. Yeye alikaa peke yake kwenye kibanda cha vioo, mgongo kwa wenzake, akitazama kule walikotoka. Baridi ya huko juu iligandisha pumzi, ndiyo maana walivaa suti za kupashwa moto kwa umeme. Parashuti haikuenea kibandani. Ilining'inia nje ya mlango, nyuma yake, na ndege ikishika moto ilibidi kwanza ageuke aitafute.

Nilimuuliza alitungua ngapi. Ndilo swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Hata moja."

Rashasha zake zilikuwa 4, lakini risasi zake zilikuwa ndogo kama za bunduki ya kawaida. Ndege za Wajerumani zilibeba mizinga iliyofika mbali zaidi. Na ukifyatua usiku, moto wa mtutu unamwonyesha adui ulipo. Kwa hiyo alikodoa macho, saa baada ya saa, akitafuta giza lililo zito kuliko giza lenzake.

Usiku mmoja wa kiangazi, juu ya Ujerumani, akaliona, chini upande wa kushoto. Akapiga kelele kwenye simu ya ndani: "W lewo!" Kushoto! Rubani hakuuliza kwa nini. Akaizamisha ndege na kuipinda kushoto, kule kule adui anakotokea, ili yule apitilize. Kisha akaipandisha ikipinda kulia, akaizamisha tena. Mzee alinionyesha kwa kiganja gizani, nami sikuona kitu, nilisikia tu mkono wa shati ukisugua blanketi. Risasi zenye moto zilipita pale walipokuwa sekunde chache kabla. Walirudi na matundu kwenye bawa na watu wote 7.

Wanahewa wa ndege za mabomu za Uingereza walikuwa kama 125,000, na 55,573 kati yao walikufa. Mimi nadhani sauti ile moja ilifanya kazi kubwa kuliko rashasha zote nne, ingawa kwa jambo la namna hiyo sidhani kama kuna anayepewa nishani.

"Na baada ya vita?"

"Nirudi wapi? Kwetu walishapewa Wasovieti."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi rubani wake alivyokuwa mchoyo wa sigara. Alikuwa bado hajamaliza msimamizi alipofungua mlango na tochi kubwa, akatumulika usoni sote wawili. Mzee alimtukana kwa Kipolandi, kirefu, mpaka yule mama akanigeukia kuniuliza kama nimempa dawa zake.