Nani Atangulie Kuvuka Daraja?

Wapendwa katika Kristo,

Kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye mlango wa bonde la Aosta, upo mji mdogo wa Pont-Saint-Martin, uliopewa jina la daraja lake. Warumi walilijenga kwa mawe katika karne ya 1 kabla ya Kristo, juu ya mto Lys, kwenye barabara iliyoelekea Galia, yaani Ufaransa ya leo. Ni tao moja tu, linalovuka zaidi ya mita 30 za mto kwa mruko mmoja, na wasafiri waliendelea kulitegemea hadi karne ya 19. Mwezi Agosti 1944 mji huo ulipigwa mabomu na watu wengi wakafa, lakini daraja lilibaki limesimama.

Wenyeji husimulia kwamba Mtakatifu Martino, Askofu wa Tours huko Galia, alifika hapo akiwa safarini kurudi jimboni kwake, akakuta mafuriko yamelichukua daraja. Shetani akamwahidi kujenga jingine kwa usiku mmoja, kwa sharti kwamba roho ya kwanza itakayovuka iwe mali yake. Martino alikubali, na kulipopambazuka akarusha mkate ng'ambo ya pili, mbwa mwenye njaa akaukimbilia, na Shetani akatokomea mtoni kwa ghadhabu. Hadi leo, katika sherehe za kanivali kabla ya Kwaresima, wenyeji huigiza kisa hicho na kuchoma sanamu ya Shetani chini ya tao.

Martino alifariki mwaka 397, wakati daraja lilikuwa limekwisha kupitisha watu kwa karne nne na zaidi. Walioliinua ni wanadamu, na naona si haki jasho lao lihesabiwe kuwa kazi ya Shetani. Hata hivyo, lililo zito zaidi kwangu ni ile bei. Watu wote wanapata njia kwa sababu kiumbe kimoja, kisichojua lolote na kilichosukumwa na njaa, kimetangulizwa mbele. Kuhani mkuu Kayafa alipiga hesabu hiyohiyo aliposema kuwa yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50), na hesabu hiyo hupigwa bado katika familia na hata katika mabaraza ya kanisa, kila amani ya wengi inapotafutwa kwa kumtoa asiye na wa kumtetea.

Waraka kwa Waebrania (6:20) unamwita Yesu mtangulizi wetu. Yeye hakurushiwa mkate wala hakudanganywa, bali aliutoa uhai wake mwenyewe akijua bei yake, na tunaovuka nyuma yake hatudaiwi tena roho ya mtu yeyote. Martino wa historia aliufahamu ukweli huo. Sulpicius Severus, aliyemjua na kuandika maisha yake, anaeleza kwamba Shetani alimtokea akiwa amevaa vazi la kifalme na taji la vito, akidai kuwa ndiye Kristo. Martino hakufanya naye mapatano yoyote. Alijibu kwamba hatamsadiki Kristo asiye na alama za msalaba.

Karibu mwaka 385, maaskofu kadhaa walimshtaki Prisiliano, askofu kutoka Hispania, mbele ya Kaisari Maximus huko Trier, mji ulio Ujerumani ya leo, wakitaka auawe kwa ajili ya mafundisho yake. Martino hakuyakubali mafundisho hayo, lakini alimsihi Kaisari asimwage damu, akisema yatosha wazushi kutengwa na kanisa. Alipoondoka, Prisiliano aliuawa. Baadaye, ili kuwaokoa wafuasi wa Prisiliano waliokuwa wakiandamwa kule Hispania, Martino alikubali kushiriki ibada pamoja na maaskofu waliosababisha kifo hicho. Jambo hilo lilimhuzunisha sana, akakaa mbali na mikutano yote ya maaskofu muda wote uliobaki wa maisha yake.