Nilivyoliweza neno orange

Maana ya orange niliipata kwenye kamusi mara moja: chungwa. Kazi ilikuwa kulitumia. Niliacha kulikariri likiwa peke yake, nikawa naliandika daftarini na wenzake: "an orange", "two oranges", "orange juice", "orange trees", "orange shirts".

Kineno an nilikimaliza kwa sikio. Kiingereza huweka a mbele ya sauti ya konsonanti na an mbele ya irabu, basi nikawa natamka "anorenj" kwa pumzi moja mpaka ulimi ukazoea. Kanuni yenyewe sikuihitaji tena.

Herufi s ndiyo iliyonichukua muda. Juisi hata ikamuliwe kutoka kapu zima la machungwa, bado ni "orange juice". Jina likitangulia jina jingine ili kulifafanua, kwa kawaida hubaki katika umoja. Kwenye "orange trees" wingi umebebwa na miti. Likiwa rangi ni kivumishi, na vivumishi vya Kiingereza havina wingi. Sisi tuliokulia kwenye mzuri, wazuri na vizuri tunataka kila kitu kipatane, kwa hiyo hapa nilijizoeza kuliacha neno kama lilivyo.

Upande wa rangi ulikuwa mteremko, maana nasi husema rangi ya machungwa. Kwa Kiingereza pia tunda lilitangulia. Jina hilo lilishika kwa rangi kuanzia karne ya 16 hivi. Ndiyo maana yule ndege robin, mwenye kifua cha rangi ya machungwa kabisa, anaitwa "redbreast", yaani kifua chekundu. Alipewa jina mapema mno, maskini.

Matamshi yalidai mazoezi ya sauti. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nao ulimi unataka kusema o-RE-nji. Mkazo wa Kiingereza uko mwanzoni, O-renj, na haiongezwi irabu mwishoni. Katika wingi huzaliwa silabi moja zaidi, O-ren-jiz, lakini mkazo hauhami. Nilijirekodi kwa simu nikajisikiliza, jambo lisilopendeza lakini linasaidia kuliko vitabu.

Mwisho nikaongeza msemo mmoja, "comparing apples and oranges", kulinganisha matufaha na machungwa. Hutumika mtu anapopima pamoja vitu visivyo na kipimo kimoja, mathalani mkimbiaji wa mita 100 na wa marathoni. Unasema "That's apples and oranges" na mwenzako anaelewa kwamba ulinganisho wake haufai. Hapo oranges lazima liwe na s, hata kama hakuna tunda lolote linalozungumziwa. Waingereza wanao pia "chalk and cheese", chaki na jibini, ila huo husema tu kwamba vitu viwili havifanani hata kidogo.